Tiketi ya Bukoba, Ndege Inataka Chato

Mtu mzima akinunua baiskeli ya mazoezi akaishia kuianikia nguo, hakuna anayemuuliza. Akinunua seti ya vyombo vya kabatini ambavyo havitaguswa mpaka waje wageni wasiokuja, anasifiwa kwamba anaipenda nyumba yake. Lakini mtu mzima wa Mkolani, mwenye mvi na wajukuu, akisema anatafuta joistiki ya kurushia ndege kwenye kompyuta, ghafla ukoo mzima unapata nafasi ya kumjadili. Mama watoto ameshauliza hela hiyo ni tofali ngapi. Kaka yangu amepiga simu kutoka Magu kuuliza kama siku hizi nalala vizuri.

Naomba nieleweke. Hii si gemu ya kupigana. Hakuna anayekufukuza wala unayempiga risasi. Unapanga safari, unakagua mafuta, unapaa kutoka uwanja wa Mwanza, unavuka maji, unatua Bukoba, unazima injini. Basi. Mpwa wangu, ambaye kwenye vibanda vya PS pale Nyegezi ni mtu wa kuogopwa, alikaa akanitazama nikikata anga juu ya ziwa, akavumilia weee, mwisho akauliza, "Sasa anko, hapa unashinda saa ngapi?" Nikamwambia hushindi, unafika. Akaaga.

Shida ni kwamba bila joistiki hata kufika hufiki. Kitufe cha kibodi kinajua mambo mawili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, wakati ndege inataka kidogo, halafu kidogo tena, halafu rudisha. Ukigusa mshale wa kushoto bawa linalala lote na abiria wanamwagikiwa soda. Pedi ya PS ni afadhali, na wengi wanaishia hapo, ila vile vijiti vyake vya dole gumba husogea milimita chache tu kutoka katikati hadi mwisho. Kwa kupiga chenga vinatosha kabisa. Kwa kuinua pua ya ndege taratibu wakati matairi yanaitafuta lami, ni kusonga ugali kwa kijiko cha chai.

Joistiki ya maana inatakiwa imudu mambo manne, na hapa sipunguzi: pua kupanda na kushuka, mabawa kulala kushoto na kulia, mkia kuigeuza ndege, na nguvu ya injini. Mawili ya kwanza kila joistiki inayo. La tatu ndipo wanapokulia hela yako. Kwenye ndege ya kweli rubani anaugeuza mkia kwa miguu, kwa pedali, na pedali za kompyuta mara nyingi ni ghali kuliko joistiki yenyewe. Ndiyo maana joistiki nzuri za bei ya chini hupewa mpini unaosokotwa: ukiusokota kulia, pua inakwenda kulia. Msidhani ni mapambo. Uwanja wetu wa Mwanza uko jirani na maji, na upepo wa ziwa ukikujia ubavuni unalazimika kushuka pua ikiwa imeelekea upande, halafu sekunde za mwisho unainyoosha kwa mkia. Usiponyoosha, unaingia uwanjani kikaa. La nne ni kile kiwiko kidogo kwenye kitako, cha kuongeza na kupunguza injini. Vitu vinne. Sijaomba muziki.

Haya, nenda mjini ukaombe vitu vinne.

Kwenye duka moja, jina nalihifadhi, kijana alinipokea kwa adabu zote. "Shikamoo mzee, karibu. Unamchukulia mjukuu?" Nikamwambia namchukulia babu yake. Akaniletea usukani wa gari. Nikamfafanulia kwamba nasema ndege, ile ya kupaa. Akaingia stoo, akatoka na pedi inayowaka nyekundu, kijani na bluu, halafu inafifia yenyewe na kuwaka tena. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote humo kinachosokotwa. Akasema, "Mzee, hii ina taa saba." Nilipouliza tena, akazima taa za duka ili nizione vizuri.

Kwenye mitumba ya Mlango Mmoja nilikuta kinyume chake. Huko nilipata joistiki haswa, nzito, ya enzi za miaka ya 1990, haina taa hata moja. Roho ikatulia mpaka nilipofuata waya wake na kufika kwenye plagi. Zamani, kabla ya USB kutawala, joistiki zilichomekwa kwenye tundu la pini 15 nyuma ya kompyuta. Tundu hilo lilishazikwa. Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, haikutaka hata kulitambua. Muuzaji hakuwa tayari kupokea msiba huo. Akavuta waya wa skrini ya zamani, akaushika pembeni ya ule wa joistiki. "Hesabu mwenyewe, mzee wangu. Kumi na tano, kumi na tano." Kwa hesabu alikuwa sahihi. Ila pini za skrini zimejipanga mistari mitatu, tano tano, na za joistiki mistari miwili, nane kwa saba. Akasema hilo ni suala la fundi kuzipanga upya.

Nawapa siri bure, maana serikali haitawapa. Ukienda kununua joistiki, mpya au mtumba, nenda na laptop yako. Kwenye Windows andika joy.cpl, kitafunguka kidirisha, nawe ukiingia kwenye sifa za joistiki yako utaona mraba wenye alama ya msalaba ndani. Sasa toa mkono, usiiguse. Msalaba ukitulia katikati, mnaweza kuanza kuongea bei. Ukitetemeka, au ukikaa pembeni, hiyo ni mgonjwa. Muuzaji mmoja aliniambia, "Usijali mzee, hiyo inapasha, iache kidogo." Joistiki haipashi. Si lori la dizeli.

Ugonjwa huo naujua kwa sababu ninaufuga nyumbani. Joistiki niliyonayo sasa ukiiachia tu, ndege inavuta kushoto. Ukiruka milimani huwezi kugundua, utalaumu upepo. Lakini Mwanza kwenda Bukoba sehemu kubwa ni maji, hakuna mlima wa kusingizia, ndege inatakiwa inyooke yenyewe. Mimi nikiachia mpini ninywe chai, nikirudisha macho pua imeshageukia kusini. Tiketi za abiria zinasema Bukoba, ndege inataka Chato. Chato uwanja wanao, na ni mzuri tu, ila siyo nilikowaaga watu.

Mpwa wangu alinishauri niongeze eneo mfu. Hii ni sehemu ya katikati ambayo unaiambia programu iidharau: mpini ukitikisika humo, ihesabu haujasogea. Ni dawa kweli, na ndege inanyooka. Ila dawa hiyo inaua na mzima. Ule msogeo mdogo kabisa unaouhitaji wakati wa kutua, ule wa kidogo halafu kidogo tena, ndio nao unadharauliwa. Unavuta, hakuna kitu. Unavuta, hakuna kitu. Unavuta, ndege inaruka juu kwa kushtuka. Na umeme wa kwetu huwa unasubiri dakika hiyohiyo ukatike. Ndege ya kompyuta haianguki umeme ukikatika; inatoweka na watu wake wote.

Mkosaji mwenyewe anaitwa potensiometa. Ni kipande cha kaboni chenye umbo la kwato, na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake kila unaposogeza mpini. Ulimi ukisugua miaka, kaboni inalika, na vumbi linapenya, na vumbi la barabara ya Shinyanga halisubiri kualikwa. Nilipeleka joistiki yangu kwa fundi redio hapa Mkolani, mtu ambaye hajawahi kuruka wala hana mpango. Aliigeuza, akafungua skrubu za chini, akachungulia kwa tochi ya simu, akacheka. "Mzee, hizi si volyumu hizi?" Ni kweli. Ni kidude kilekile kilichopo nyuma ya kinobu cha sauti cha redio ya zamani, kile ambacho ukikizungusha redio inakwaruza. Akapuliza dawa ya kusafishia, akasokota kushoto na kulia mara kadhaa, akafuta kwa pindo la shati, akanifungia. Nikaruka hadi Bukoba bila kona. Vumbi likirudi nami nitarudi kwake. Bei yake haishindi sahani ya sato.

Wenye nacho wameshahama huko. Kuna joistiki za sumaku, ambazo kipimo kinasoma mwendo wa sumaku bila kuigusa, kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Thrustmaster T.16000M imejengwa hivyo kwenye shina lake, na tena unaweza kuitumia kwa mkono wowote. Ya watu wa kipato chetu ni Logitech Extreme 3D Pro, yenye mpini wa kusokota, kiwiko cha injini na vitufe 12, ila umbo lake ni la mkono wa kulia tu.

Jirani yangu wa bajaji alicheka sana kusikia habari ya mkono wa kushoto. Nani anaendesha chombo kwa kushoto? Kapteni, jirani. Airbus A220 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza ilitua nchini Desemba 2018, hazina usukani mbele ya kifua. Zina kijiti pembeni. Kapteni anakaa kiti cha kushoto, kijiti chake kiko kushotoni, na mkono wa kulia unabaki kwenye injini. Wenye usukani wa pembe mbele yao ni marubani wa ATR za Precision Air. Jirani akafikiri, kisha akasema kumbe ndiyo maana nauli ziko juu: unalipia mkono wa kushoto.

Tuje kwenye bei, niliyokuwa naikwepa. Huko Marekani hiyo ya Logitech ni dola 40 hivi, ya sumaku inaweza kufika karibu mara mbili yake. Dola 40 ni kama laki moja, unaweza kusema si haba. Subiri wakala wa mizigo. Anapima kilo, kisha anapima boksi, kisha anakuchaji kile kilichozidi. Boksi la joistiki ni kubwa na limejaa hewa. Nalipia hewa isafirishwe kwa ndege ya kweli, ili nikae Mkolani nirushe ndege isiyokuwepo. Ongeza VAT asilimia 18. Ongeza basi kutoka Dar. Ongeza bodaboda kutoka stendi ya Nyegezi, ambaye akiona boksi tu anakumbuka kwamba mafuta yamepanda.

Upande wa programu angalau sidaiwi. FlightGear ni ya bure, ipo tangu mwaka 1997, na kompyuta yangu inaibeba ikihema kidogo. Vijana wananisifia Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, eti inakuonyesha hadi paa lako, maana inachora dunia kutokana na picha za setilaiti. Sawa, lakini inataka gigabaiti 150 za nafasi, na picha hizo inazivuta kwenye intaneti ukiwa angani. Bando langu lingeisha kabla sijakunja matairi. Na paa langu nalijua, ndilo linalovuja.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na mama watoto ameshausikia mpaka anaumalizia mwenyewe. Bei ya dukani si bei. Kwa mtu wa huku, joistiki nafuu ni ile ambayo ikiugua kuna mtu wa kuifungua kwa umbali wa kutembea. Mwenye hela achukue ya sumaku asahau habari za vumbi. Asiye nayo achukue ya volyumu, na aigeuze kwanza aangalie chini: skrubu zikionekana, anunue, ikiwa imegundishwa gundi pande zote, airudishe mezani hata kama bei ni ya kutupa. Halafu ainyanyue. Joistiki nyepesi ukivuta mpini ili uinue pua, kinachoinuka ni kitako. Zile zenye vikombe vya mpira vya kunyonya meza zinataka meza laini, na meza yangu ilirandwa na fundi aliyekuwa anawahi harusi.

Wafanyabiashara wa Mwanza, hili ni tangazo rasmi. Mpini usokoteke. Kiwiko cha injini kiwepo. Kitako kiwe kizito, skrubu zionekane, plagi iwe ya USB. Nakuja na laptop yangu, na nitatoa mkono tuutazame ule msalaba pamoja. Na hizo taa saba zing'oeni kabisa, mnipunguzie bei.