Jinsi ya Kula Kabla ya Kipimo cha Tumbo, Kisha Ukakilaumu Kipimo

Mnada wa korosho umepita, malipo yameingia, na lile tumbo lililokuwa linakuchoma tangu mabibo yaanze kudondoka sasa limepata bajeti. Daktari wa Newala amekuandikia rufaa ukapigwe endoskopi: mpira mwembamba wenye taa na kamera unapita mdomoni na kwenye umio hadi tumboni, ijulikane kama ni vidonda au ni jambo jingine. Kwenye karatasi kuna sentensi imepigiwa mstari: usile chochote kuanzia saa nne usiku. Mwongozo huu ni wa wale wanaoamini sentensi hiyo waliandikiwa wagonjwa wengine.

Hatua ya kwanza: kula daku. Umeambiwa ufunge, na kufunga unakujua tangu utotoni. Amka saa kumi alfajiri, pasha moto ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi kilicholala, kula mpaka uegemee ukuta. Ukiulizwa, jibu kwa moyo mweupe, “Nimefunga, sista.” Hujadanganya, kwani tangu adhana hukutia kitu mdomoni. Kwamba tumbo huhitaji walau muda wa saa sita kuondoa chakula kigumu, na zaidi ya hapo kikiwa na mafuta, hiyo ni shauri ya tumbo na nazi, wewe haikuhusu.

Hatua ya pili: watii wazee. Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba si la kupuuzwa, na mjomba ameshasema: “Mpwa wangu, gari likikwama njiani, utakufa kwa njaa kabla ya hilo tumbo halijakuua.” Bibi naye ameshakufungia kitu kwenye kitambaa. Utamkatalia bibi kwa sababu ya karatasi?

Hatua ya tatu: tumia vizuri stendi ya Masasi. Umeshateremka kutoka uwanda wa Makonde, vumbi limekukauka kooni, na muuzaji amekuwekea dirishani ming'oko ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili. Nunua. Halafu korosho za kukaanga, lakini hizi tafuna moja moja, maana korosho moja si chakula, na ya pili ni moja tu iliyokuja baada ya mwenzake. Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni kwamba korosho iliyotafunwa hugeuka uji mweupe unaong'ang'ania ukuta wa tumbo, na kitako cha kidonda cha tumbo nacho mara nyingi huwa cheupe. Daktari atamwagia maji kupitia mpira ule ule, atafyonza, atamwagia tena, akitafuta kujua kipi ni ugonjwa na kipi ni mazao ya biashara.

Hatua ya nne: kataa maji, pokea chai ya maziwa. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi muda wa saa mbili kabla ya kipimo, isipokuwa kama umeambiwa vingine. Kwa hiyo yaogope. Chai ya maziwa, ambayo haihesabiki kama maji na huacha utando tumboni, ipige vikombe viwili “ili kulainisha njia”.

Hatua ya tano: liandae tumbo lipendeze. Wiki nzima kabla ya safari meza omeprazo, na asubuhi ya kipimo tafuna vidonge vya magineziamu, wasije wakalikuta linawaka. Omeprazo huwatuliza hata bakteria wa H. pylori, wale wanaosababisha vidonda vingi. Ndiyo maana daktari anayetaka kuwapima hao huomba dawa hiyo isimamishwe wiki 2 kabla, na antibaotiki wiki 4. Wewe usimwambie unachomeza. Atakata kinyama, atakipima, hataona bakteria, utarudi nyumbani na cheti safi na kiungulia kile kile.

Hatua ya sita: nyamaza. Nesi akiuliza, “Baba, mara ya mwisho umekula saa ngapi?”, tazama dari useme, “Jana.” Hapa naomba radhi niache mzaha kidogo. Koo likishapulizwa dawa ya ganzi, au ukishachomwa sindano ya usingizi, kinga ya mwili ya kukohoa inalegea. Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo habari ya majibu sahihi inakuwa ndogo kuliko zote. Mwenye kisukari naye asijifungie kwa kubahatisha. Aulize mapema afanyeje na dawa zake, tena tumbo lake linaweza kuchelewa kumwaga chakula. Tuendelee na ujinga wetu.

Hatua ya saba: anza kuwa na wasiwasi. Ukiwa kwenye gari la kurudi, mwambie jirani yako kwamba mashine za siku hizi haziaminiki. Kama daktari ameandika kuwa sehemu ya tumbo haikuonekana kwa sababu ya chakula, hayo si majibu ya uongo, ni majibu ya nusu, na dawa yake ni kurudia. Lakini wewe sema wamekosea. Mtu akikubana, mtajie Barry Marshall wa Australia, ambaye mwaka 1984 alikunywa mchuzi wenye bakteria hao kisha akaingizwa mpira, na mwaka 2005 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Robin Warren. Usieleze kwamba kunywa kwake ndiyo ulikuwa utafiti wenyewe, na kwamba alipimwa kwanza kabla ya kunywa, ili ijulikane tumbo lilikuwaje. Kisamvu chako hakimo kwenye utafiti wa mtu yeyote.

Ipo njia nyingine, ila haina ladha. Unamwambia nesi, “Sista, nimekula korosho saa kumi na mbili asubuhi, na hizi ndizo dawa ninazotumia.” Atanuna. Huenda akakusogeza hadi alasiri, huenda akakwambia urudi kesho, nauli ikuume. Ila daktari atakuwa anajua anatazama nini, na siku ukipewa majibu hutakuwa na sababu ya kuyatilia shaka. Na ukipangiwa tarehe mpya, usiitaje nyumbani kwa usahihi: kama kipimo ni kesho, mwambie mjomba ni kesho kutwa.