Hongera, Treni ya Mwakyembe

Wanaoiponda treni ya Dar es Salaam, iliyoanza Oktoba 2012 na wananchi wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hawana shukrani. Inabeba watu asubuhi na jioni. Mchana inapumzika, kwani nani mwenye akili timamu husafiri mchana? Ndege hukupa kiti na mkanda tu. Humu unapata kwapa la jirani, kiwiko cha mwenye ndoo ya samaki, na mlango wa kuning'inia wenye upepo wa bure. Mazoezi ya viungo wenzenu wanalipia. Hapa yamo ndani ya nauli. Undugu nao unakua: mkifika Buguruni mmeshajuana hadi mlichokula jana. Mwenye haraka apande daladala, akapumzike foleni ya Tabata.