Kiboko wa Katavi kwa Macho Mawili: Mwongozo kwa Wenye Fedha za Kuchezea

Kwanza nunua kamera mbili. Wenzako hupiga filamu kwa moja, lakini wewe unataka 3D, kwa hiyo kila jicho la mtazamaji lipate kamera yake, na lenzi ziwe pacha. Hazitakuwa pacha. Lenzi mbili zilizoandikwa milimita 50 zikipimwa vizuri hupishana kidogo, na kwa hicho kidogo jicho la kushoto litaona kiboko mnene kuliko yule wa jicho la kulia. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi. Atajua tu kwamba kichwa kinamuuma.

Panda treni ya Tabora hadi Mpanda, kisha gari hadi Sitalike, mwishoni mwa kiangazi. Mto Katuma umebaki madimbwi, na viboko kwa mamia wamebanana humo wakigombea tope. Usivae bluu wala nyeusi, maana ndorobo huzifuata rangi hizo. Kamera zako zote ni nyeusi. Pole.

Sasa hesabu. Macho ya binadamu yameachana kwa takriban milimita 65. Wapigapicha wa 3D nao wana kanuni yao ya zamani: kwa lenzi ya kawaida, nafasi kati ya lenzi mbili iwe sehemu moja ya 30 ya umbali wa kitu kilicho karibu zaidi. Zidisha 65 mara 30. Kiboko anatakiwa awe umbali usiofika mita 2. Mweleze hesabu hiyo askari wa hifadhi aliyekusindikiza, kwa adabu, umwite afande, kisha usubiri jibu.

Ukiogopa, na uogope, rudi nyuma mita 30 na uziachanishe lenzi kwa mita nzima. Kanuni imetimia. Ila sasa umempa mtazamaji kichwa cha jitu, jicho moja huku na jingine kule, na machoni pa jitu mnyama wa tani moja na nusu ni kitoto cha nguruwe. Ukikimbilia lenzi ndefu ya kuvuta, viboko watasogea, lakini watakuwa bapa, mmoja nyuma ya mwenzake kama vipande vya kadibodi. Kuzielekeza kamera ndani, makengeza, nako usijaribu: kingo za picha mbili hukataa kulingana.

Ndipo utanunua kioo. Si cha saluni. Hiki hupitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, nacho huwekwa mshazari wa nyuzi 45: kamera moja hutazama kupitia kioo, nyingine hutazama taswira iliyomo. Hapo hata kamera nene zinaweza kukaribiana unavyotaka. Nusu ya mwanga umeitoa sadaka, na picha moja itatoka imepinduka, utaigeuza baadaye. Kubwa zaidi, mwanga unaorudi kiooni hutetema kwa mwelekeo tofauti na ule unaopita. Ndani ya studio hakuna atakayegundua. Juu ya maji ya Katuma, jua likiwaka, jicho moja litaona dimbwi linametameta na jingine litaona tope tupu. Kipo kichujio cha kurekebisha hilo, hukaa mbele ya kioo. Bila shaka umekiacha Mpanda. Vumbi litakuwa limeshatua kiooni wakati ukikitafuta.

Au fanya kama Arch Oboler. Mwaka 1952 alitoa Bwana Devil, filamu ndefu ya kwanza ya Marekani iliyounganisha rangi na 3D, kuhusu simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Alitumia mtambo wa Natural Vision wa Milton Gunzburg, kamera mbili zilizotazamana, kila moja ikichungulia kioo chake. Matangazo yaliahidi simba mapajani pa mtazamaji. Wahakiki waliikejeli, watu wakapanga foleni na miwani yao. Sehemu kubwa ya Tsavo hiyo ilipigwa kwenye vilima vya California, mwendo mfupi kutoka Hollywood, bila kibali cha hifadhi yoyote.