Jinsi ya Kuunda Liemba Mahali Pasipo na Ziwa

Kwanza, usiombe ruhusa. Ukitangaza kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwamba unaunda meli, utaulizwa maji yako wapi, na swali hilo halina adabu. Meli ya Liemba yenyewe ilianza maisha nchi kavu. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika kwa jina la Graf von Goetzen. Meli iliyomaliza kilomita zaidi ya elfu kwa reli kabla ya kulowa haitaona haya kukaa Turkana.

Malighafi ni mikebe ya mafuta ya msaada. Tafuta yenye herufi za USA ubavuni, ionekane ina mfadhili. Bati lake linakubali mkasi wa fundi cherehani. Uazime, usimwambie ni wa kazi gani. Ila tangu mgao upunguzwe, mikebe ni ya kusaka, na mingi tayari ni milango na mapaa. Mlango wa jirani uheshimu, walau mchana.

Kipimo ni moja kwa mia: meli ina mita 71 hivi, yako iwe sentimita 71. Milingoti chonga kwa mathenge. Mti huo umeishinda serikali, lakini tawi moja utalimudu, ukishalipa ushuru wa damu kwenye miiba. Lehemu alfajiri, kabla jua halijaamka na hasira zake, kisha ziba matundu kwa sulesheni ya fundi baiskeli.

Sasa subiri wazee waliotoka kando ya Ziwa Tanganyika. Watakuja bila kuitwa, wa Uvira, wa Kalemie, wa Bujumbura, na kila mmoja atakuwa na Liemba yake. Mmoja atataka moshi mwingi. Mwingine atasema ni ya dizeli. Wote wako sawa: injini ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970. Wa tatu ataigeuza geuza, anuse sulesheni, aseme, "Bwana mdogo, hii ni mtumbwi ya ndagala." Mpe kiti. Huyo ndiye atakayekuonyesha palipo na ngazi ya daraja la tatu.

Sitaha usiiache tupu. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama kijiji cha Kagunga walipelekwa Kigoma na Liemba halisi, wakiifuata majini kwa maboti madogo. Kwa hiyo jaza watu, magunia, vitoto migongoni. Ukihisi imezidi uzito, ongeza wengine wawili.

Kuizindua ndiyo kazi. Mto Tarach ni mchanga mtupu hadi inyeshe, na ikinyesha itaichukua meli pamoja na mzinduzi. Foleni ya bombani haina mzaha. Heshima ni kuteremka Lodwar, kisha Kalokol, ukaionyeshe Ziwa Turkana, upepo ukilegea.

Ikizama, fuata utaratibu uliopo. Mwaka 1916 mafundi wa Kijerumani waliijaza mchanga, wakapaka injini grisi nzito, wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mchanga unao. Nunua grisi, na atakayeuliza meli iko wapi mwambie iko matengenezoni, arudi baada ya miaka kumi na mmoja.