Birika Linalosubiri Nyuzi Tatu

Mwaka 2024 nilijifunza jiografia kwa kuoga maji baridi. Ukame uliipunguza Zambezi, bwawa la Kariba likashuka, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia ulitokana na maji, mgao ukatufikia hata sisi wa Nchelenge, huku juu kaskazini. Yaani Ziwa Mweru lote limelala mlangoni pangu, lakini ndoo yangu moja haipati moto kwa sababu maji yamepungua kusini!

Mimi mtu wa Kigoma, nilikuja kufuata chisense, binamu wa dagaa wetu. Sokoni Kashikishi nikanunua hita, ile koili ya kutumbukiza ndooni. Nikapiga hesabu kwa sauti ili jirani asikie: lita 20, kutoka nyuzi 22 hadi 42, hita ya wati 1,500, dakika kama 19 hivi. Jirani ni mama wa Kilwa (ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, si ya Lindi). Akaniangalia kutoka kwenye mbabula yake ya makala.

"Baba, ile nyuzi itakuogesha weye."

Dakika ya nane umeme ukakatika. Maji yalikuwa na nyuzi 30, uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Nikaoga hivyo hivyo, nikaining'iniza hita ndani ya ndoo tupu, swichi nikaiacha ilivyo. Nani huzima kitu kisichowaka?

Umeme ulirudi saa nane usiku. Waya wa hita unaupitisha umeme kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo joto. Maji ni mpagazi anayelibeba. Mpagazi asipokuwepo, mzigo unabaki pale pale mpaka waya unakuwa mwekundu kama kaa. Niliamshwa na harufu ya plastiki. Ndoo ilikuwa imechuchumaa, mdomo umekunjamana kama kibogoyo aliyelamba ndimu.

Nikahamia kwenye birika la umeme, la mtumba, bei ya kutupa kwa kuwa halikuwa na kifuniko. Niliona kifuniko ni urembo tu. Likachemka, likaendelea kuchemka. Sasa, nilikuwa nimesoma kwamba Nchelenge tuko zaidi ya mita 900 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, si 100. Nikaamini birika linazisubiri zile tatu zilizobaki. Nikavuta kigoda, nikakaa nalo, nikalitia moyo.

Kumbe birika halina habari na nyuzi. Ndani lina kibamba cha metali mbili zilizogandana; mvuke ukikigusa, metali moja hutanuka kuliko mwenzake, kibamba kinapinda na umeme unakatika. Mvuke wangu, kwa kukosa kifuniko, ulikuwa umeshapanda darini, unanidondokea kisogoni.

Mama wa Kilwa aliingia na sufuria nyeusi ya maji ya moto, akaiweka chini. Akatazama dari, akatazama kuta zinazotoka jasho, akanitazama mimi kwenye kigoda.

"Oga mbio, mbele ya mayi kupoa. Na ile ndoo yako ya kukunjana, uniletee. Nitapanda mo vitunguu."