Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Jirani wa Juu

Mheshimiwa Mangi,

Sisi watoto wako wa bondeni tunakuandikia tukiwa tumevua kofia. Viatu tulishavivua tangu mvua za vuli, havijakauka.

Kwanza, hongera kwa baraza jipya. Vitofali vimepangwa vikapangika, na jiko la kuchomea nyama halina mpinzani hapa Moshi. Wapita njia husimama kulitazama. Nasi husimama, ila ni kwa kukosa pa kukanyaga.

Kwa heshima zote, chini ya baraza hilo kuna bomba la majitaka. Ni la saruji, la zamani, na chemba yake ilikuwa pale pale lilipo jiko. Siku ya kulijenga, fundi aliuliza mfuniko aufanyeje (tulisikia, ukuta ulikuwa bado haujapanda), akajibiwa amwage zege. Hatuthubutu kudhani aliyejibu ni wewe. Labda ulikuwa upepo.

Unajua kuliko sisi kwamba bomba la namna hiyo halikulazwa libebe uzito wote huo. Likipasuka, udongo huingia na mizizi hufuata; na chemba ikishazikwa, mzibuaji hana pa kupitishia fimbo zake. Majitaka hayasubiri kibali cha ujenzi. Hutokea pembeni mwa ukuta wako, huvuka barabara, na kwa kuwa mji wetu umeinamia kusini, hutufikia sisi. Ahsante kwa huduma hii ya hadi mlangoni, tena bila mita wala bili.

Wazee wetu wa mlimani walichimba mifereji kutoka kwenye mito ya msituni hadi vihambani, na ilikuwapo kabla mmisionari Rebmann hajauona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Mfereji ulikuwa na wenyewe, yaani ukoo ulioutoboa, na mzee wa kuusimamia. Siku ya kuusafisha, asiyetokea alitozwa faini. Ulikatiza vihamba vya watu wengi, wala mtu hakuufukia ati kwa sababu unapita kwake. Umangi, yaani uchifu wa Wachaga, ulifutwa muda mfupi baada ya uhuru, lakini tunafurahi kuona kwako umesalia, japo bila yule mzee wa mfereji.

Tulifika ofisi inayohusika. Tukapewa viti, tukasikilizwa vizuri kabisa. Jina lako lilipotajwa, kalamu ikaisha wino.

Ndiyo maana tumekuja kwako mwenyewe. Hatuombi ubomoe baraza. Tungekosa harufu ya nyama, nayo ndiyo pekee inayoishinda ile nyingine. Tunaomba jiko lisogezwe kidogo, chemba ifukuliwe na kuwekewa mfuniko unaofunguka, na kipande cha bomba kilichopasuka kibadilishwe. Ujira wa fundi tutachangishana. Kazi hiyo ifanyike kabla ya Machi, maana masika ya mteremko huu wa kusini unayajua, na mafuriko ya Aprili 2024 hatujayasahau.

Tena, kwa kuwa tunakutakia mema, tukukumbushe jambo dogo. Vyoo vyako navyo vinamwaga kwenye bomba hilo hilo. Siku likiziba kabisa, majitaka yatarudi nyuma, na nyumba iliyo nyuma ya jiko ni yako.

Ni sisi watiifu wako,
Wakazi wa Bondeni, Moshi