Namna ya Kumsaidia Nyanya Kupiga Kura Yako

Una kura moja na unaona haikutoshi. Bahati nzuri nyumbani pana nyanya mwenye mtoto wa jicho, na sheria ya Kenya inamruhusu mpiga kura asiyeweza kupiga kura bila msaada aingie kituoni na mtu anayemwamini. Mtu huyo ni wewe. Mwamshe saa tisa usiku, ingawa vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Mkifika, usimwambie kwamba wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu hupitishwa mbele. Foleni ndiyo darasa lako. Kura ni sita, kuanzia rais mpaka MCA, na majina yote lazima yamkae kichwani. Usimkodishie mtoto wa jirani abebe ili mpite haraka. Ujanja huo ulichuja mwaka 2017, pale maafisa walipoanza kuwapaka vichanga wino kidoleni, maana kitoto kimoja kilikuwa kinahama mgongo hadi mgongo.

Mezani, mashine huenda ikakataa kidole chake. Miaka sitini ya jembe haibakishi alama nyingi. Usitokwe jasho, karani atamtafuta kwa namba ya kitambulisho.

Kisha utaletewa Fomu 32. Weka saini bila kusoma. Ukisoma utagundua kwamba unaapa kutunza siri ya kura yake, na kiapo hakina raha. Kama ulipanga kurudi baadaye na babu, halafu shangazi, pole: msaidizi mmoja, mpiga kura mmoja. Nyanya akinong'ona kwamba angependa kusaidiwa na msimamizi wa kituo, jifanye hukusikia. Haki hiyo anayo, ila msimamizi humsaidia mbele ya mawakala wa vyama, na wewe utabaki nje na mkongojo.

Sasa mko kwenye kibanda. Shika kalamu, inama, mwonyeshe picha ya mtu wako.

Nyanya atafungua fundo la leso. Humo mna noti ya mia, tumbaku ya kunusa, na miwani ambayo hukuwahi kuiona.

"Nishikie mkoba, baba."

Atainama mpaka pua iguse karatasi, kisha atatia alama, polepole, kwa yule jamaa ambaye umemtukana kijiji kizima tangu Januari.

"Nyanya, umekosea. Karatasi ikiharibika unaweza kuomba nyingine."

"Sijakosea."

Atafanya hivyo mara sita. Atakunja mwenyewe na kutumbukiza mwenyewe kwenye masanduku, akimuuliza karani habari za mamake. Kazi yako itakuwa mkoba.

Jioni, baba mdogo, aliyelipa nauli ya bodaboda yenu wote wawili, atakuvuta pembeni.

"Enhe, amempa nani?"

Kabla hujafumbua mdomo, nyanya atapuliza chai yake.

"Usimsumbue mtoto. Ameapa huyo."